Herufi nane za Wachina: Ni kioo au ni hukumu?

Magazeti yetu mengi hayakosi kona ya nyota, na wapo wanunuzi ambao huanzia hapo kabla ya habari za bungeni na matokeo ya mpira. Mtu hutaka kujua juma lake litakwendaje, kama kuna safari, fedha au ugomvi. Wachina nao wana hesabu yao ya kuzaliwa. Sisi huisikia juu juu tu kila mwaka wao mpya unapoingia, tunapoambiwa kwamba huu ni mwaka wa Joka, wa Nyoka au wa Farasi. Lakini mnyama wa mwaka ni kipande kidogo cha hesabu hiyo. Ndugu msomaji, leo tuifuate tangu ilikotoka, maana historia yake inagusa swali ambalo nasi linatuhusu: mtu akishaambiwa alivyozaliwa, habari hiyo aifanyie nini?

Kwa Kichina hesabu hiyo huitwa bazi, maana yake herufi nane. Mtabiri huuliza mambo manne: mwaka, mwezi, siku na saa uliyozaliwa. Kila jambo huitwa nguzo, na kila nguzo huandikwa kwa herufi mbili. Moja hutoka katika Mashina kumi ya Mbingu, na nyingine katika Matawi kumi na mawili ya Ardhi, ambayo ndiyo yaliyopewa wale wanyama: Panya, Ng'ombe, Joka, Farasi na wenzao. Mashina na matawi yakizungushwa pamoja, hurudi mwanzo baada ya hatua 60. Utaratibu huu ni wa kale mno. Mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe yaliyofukuliwa Anyang, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Shang, ina tarehe zilizochorwa kwa alama hizo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Zama hizo zilikuwa alama za kuhesabia siku. Kumsoma mtu tabia na riziki yake kwa nguzo za kuzaliwa kulikuja karne nyingi baadaye.

Anayetajwa kuwa baba wa elimu hiyo ni Li Xuzhong, ofisa wa serikali ya ufalme wa Tang, aliyefariki mwaka 813. Mwandishi maarufu Han Yu ndiye aliyeandika maneno ya kaburi lake, akamsifu kwamba kwa kujua mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu, aliweza kueleza maisha yake yatakuwa marefu au mafupi, ya heshima au ya unyonge. Lakini Han Yu huyo huyo, katika maandishi mengine, alimtaja Li miongoni mwa watu aliowajua walioangamizwa na dawa za kutafuta uzima wa milele, dawa zilizopikwa kwa zebaki. Wahenga walisema mganga hajigangi. Bingwa wa kusoma ajali za wenzake alikunywa sumu kwa mkono wake mwenyewe.

Baadaye mbinu ikabadilika. Li aliutilia mkazo mwaka, lakini shule iliyopewa jina la Xu Ziping, ambayo ilienea wakati wa ufalme wa Song, iliiweka siku mbele, na nguzo ya saa ikapata nafasi yake. Shina la siku uliyozaliwa likawa ndiyo wewe mwenyewe, na herufi saba zilizobaki zikawa mazingira yako. Hapo ndipo utamu wa mambo ulipo. Mashina yale kumi yamegawanywa katika asili tano: mti, moto, udongo, madini na maji. Mmoja ni mti mkubwa wa msituni, mwingine mmea unaotambaa. Mmoja ni jua, mwingine taa ya usiku. Mmoja ni bahari, mwingine umande. Asili hizo huzaana, kama mti unavyolisha moto na moto unavyoacha majivu yakawa udongo. Na tena hudhibitiana, kama maji yanavyozima moto. Msomaji wa herufi nane hutazama kipi kimezidi na kipi kimepungua. Mtu wa moto mwingi ataambiwa kwamba ana bidii na uchangamfu, ila ana hasira za karibu, na anahitaji maji ya kumpoza.

Wapo waliopinga mapema, nao walikuwa Wachina wenyewe. Lü Cai, mtaalamu wa serikali ya Tang aliyefariki mwaka 665, aliyachunguza mahesabu ya namna hii yaliyokuwapo kabla hata ya Li Xuzhong. Alichukua tarehe za kuzaliwa za wafalme wanaojulikana, akiwemo yule wa kwanza kuiunganisha China, akaonyesha kuwa hesabu zao hazikulingana na maisha yao. Kisha akauliza: askari waliozikwa baada ya vita vya Changping, je, wote walizaliwa na mkosi mmoja? Na mbona watu waliozaliwa pamoja, mmoja hufa kijana na mwingine akazeeka?

Swali lake tunaweza kuliongezea hesabu. Miaka 60, mara miezi 12, mara siku 60, mara saa 12 za Kichina, ambazo kila moja ni sawa na mbili zetu, tunapata michoro 518,400 basi. Wachina leo ni zaidi ya bilioni 1.4. Ukiwagawa sawasawa, kila mchoro mmoja utawaangukia watu wapatao 2,700. Hakuna anayeweza kudai kwamba watu hao wote wataoa siku moja, watafilisika siku moja na kuzikwa siku moja.

Basi kama haitabiri, ina faida gani? Hapa ndipo napenda kumtaja Yuan Huang, maarufu kwa jina la Yuan Liaofan, aliyezaliwa mwaka 1533 na kufariki mwaka 1606. Habari zake ameziandika mwenyewe katika mafunzo aliyomwachia mwanawe. Alipokuwa kijana alikutana na mzee mmoja wa ukoo wa Kong, bingwa wa kukokotoa ajali za watu kwa njia nyingine iliyo jirani na hii ya herufi nane. Mzee akamwambia kwamba katika mitihani ya serikali atakuwa wa 14 wilayani, wa 71 katika ngazi inayofuata, na wa 9 mbele ya mkaguzi wa elimu wa jimbo. Ikawa vivyo hivyo. Mzee akaendelea hadi mwisho: utapata cheo cha kawaida, hutapata mtoto wa kiume, na utafariki ukiwa na miaka 53.

Kijana aliyetabiriwa sawasawa mara tatu angefanya nini? Yuan alikunja mikono. Aliona kwamba lililoandikwa limekwisha kuandikwa, akaacha kutamani na akaacha kujisumbua. Mwaka 1569 alikwenda mlima Qixia, karibu na Nanjing, akaketi na mtawa wa Kibudha aitwaye Yungu siku tatu mchana na usiku bila wazo lolote kumtikisa. Mtawa akastaajabia utulivu ule. Alipoelezwa sababu yake, akacheka: alidhani amempata mtu wa pekee, kumbe ni mtu wa kawaida aliyefungwa na hesabu. Kisha akamwuliza yeye mwenyewe anaonaje, je, anastahili cheo? Anastahili mtoto?

Swali hilo ndilo lililomfungua macho. Yuan hakuirudia tena hesabu ya mzee Kong, alijitazama mwenyewe. Akaorodhesha: sina uvumilivu, nina moyo finyu, natumia akili yangu kuwadunisha wenzangu, hasira zangu ziko karibu, nasema mno, nakunywa pombe, nakesha bila sababu na kuudhoofisha mwili. Orodha ile hakuandikiwa na mtabiri yeyote. Akaahidi kutenda mema 3,000, na akaanza kuweka daftari la mema na mabaya yake ya kila siku. Mkewe hakujua kuandika. Yeye alichovya bua la unyoya wa bata bukini katika wino mwekundu, na kila walipotenda jema akapiga duara kwenye kalenda. Yale 3,000 ya kwanza yaliwachukua zaidi ya miaka kumi.

Yuan alipata mtoto wa kiume mwaka 1581. Mwaka 1586 alifaulu mtihani wa juu kabisa, akawa mkuu wa wilaya ya Baodi, ambako alipunguza kodi ya mashamba. Miaka 53 ikaja ikapita, naye akaishi hadi mwaka 1606. Unaweza kuamini kwamba mema yake ndiyo yaliyobadili ajali, au ukaona kwamba mzee Kong alibahatisha mwanzoni na kukosea mwishoni. Kwa vyovyote vile, aliyepunguziwa kodi Baodi alinufaika.

Sasa tazama upande wa pili. Hesabu ya miaka 60 ilivuka bahari ikafika Japani, na huko ikazuka imani kwamba msichana aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto atakuwa mkali na atamfupishia mumewe maisha. Mwaka wa namna hiyo huangukia 1906, 1966 na 2026. Wanawake wengi wa mwaka 1906 walipata taabu ya kuolewa. Ulipofika mwaka 1966, Japani ikiwa tayari na televisheni na treni ziendazo kasi, watoto waliozaliwa walikuwa takriban 1,360,000, wakati mwaka uliotangulia walikuwa takriban 1,820,000. Ni pungufu ya robo nzima. Mwaka 1967 idadi ikapanda tena kupita 1,930,000. Wazazi walikuwa wamewakwepa mabinti zao kabla hawajazaliwa, kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda.

Hesabu ya Yuan na hesabu ya Farasi wa Moto zina mzizi mmoja. Yuan aliishia kujihoji mwenyewe. Wale wengine walimhukumu mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Nasi tusiwacheke Wajapani. Ni posa ngapi zimevunjika huku kwetu kwa kuambiwa nyota za wachumba hazipatani? Ni watoto wangapi wameitwa wa kisirani kwa sababu mwaka waliozaliwa mvua haikunyesha?

Nyani haoni kundule, na binadamu hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikuchorea herufi nane zako na kukuambia moto wako umezidi, usimwulize utakufa lini wala utatajirika lini. Rudi nyumbani ukamwulize mkeo au mumeo, uwaulize wanao na wenzako kazini, kama kweli una hasira. Wakikubali, kazi unayo, na daftari ni bei nafuu. Lakini mchoro wa mtoto wa mwenzio, au wa binti anayeposwa na mwanao, uache ulipo.

Panapo majaaliwa, tukutane juma lijalo.