Uwakaji wa Zamu: Istilahi ya Vishikwambi vyenye Mifumo Miwili

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizotufikia kwa njia ya biashara kabla ya kufika kwa njia ya kamusi, imo moja ambayo wauzaji huitamka kama walivyoipokea, dual boot, na wanunuzi huilipia pasina kujua hasa wanachokilipia. Nayo ni sifa ya kifaa kilichotiwa mifumo endeshi miwili, aghalabu Windows na Android, ambacho mwenyewe akikiwasha huulizwa kwanza autaka upi. Vishikwambi vya namna hiyo, vya bei nafuu, vilienea baina ya 2014 na 2017, vikitoka katika viwanda vya China, kwa majina kama Chuwi, Teclast, Onda na Cube, na vingi vingali mikononi mwa watu. Nimekusudia kulieleza neno hilo na kulitafutia Kiswahili chake, maana naamini kwamba lau lingalifasiriwa vyema tangu mwanzo, sehemu kubwa ya malalamiko ya waliovinunua isingalitokea.

Boot ni lile buti tulijualo, kiatu kirefu. Nyuma yake hushonwa kitanzi cha kulivutia mguuni, na wasemao Kiingereza wana msemo juu ya mtu ajiinuaye mwenyewe kwa kuvuta vitanzi vya buti zake, yaani ajikwamuaye bila ya msaada. Mafundi wa kompyuta wa miaka ya 1950 waliupenda msemo huo, kwa kuwa mashine ikiwashwa haina ilijualo. Programu ndogo mno huanza kazi, ikaiita iliyo kubwa kuliko yenyewe, nayo ikauita mfumo mzima. Sisi hatuna haja ya buti. Mswahili husema simu imewaka, kompyuta haiwaki, na kila mtu humwelewa; kwa hiyo shina la istilahi yetu lipo tayari. Sharti tu tujihadhari na umbo: mwasho, ambalo lingekuwa jepesi kulitamka, limekwisha kuwahiwa na ngozi yenye upele, na mwako ni wa moto. Uwakaji ndilo lililo salama.

Ugumu uko katika ule uwili. Tafsiri ya haraka, kifaa cha mifumo miwili, si ya uongo, walakini ina madhara yake, kwa kuwa mnunuzi wetu amekwisha kuizoea simu ya laini mbili, ambayo laini zake zote hungoja simu wakati mmoja, ukipigiwa hii italia na ukipigiwa ile italia. Naye akisikia mifumo miwili huivuta maana kutoka huko, akadhani kwamba ataandika barua yake katika Windows huku programu za Android zikimletea ujumbe papo hapo. Haiwi hivyo. Mmoja ukiwa kazini, mwingine haupo kabisa: kuutaka ni kuhifadhi kazi uliyonayo, kuufunga mfumo ulio wazi na kungoja kifaa kizime na kuwaka upya, na katika kifaa cha bei ya chini kungoja huko si kwa kufumba na kufumbua. Neno la Kiswahili lenye maana hiyo ni zamu. Hivyo napendekeza uwakaji wa zamu. Yuko atakayesema kwamba zamu hupangwa na mkubwa, ilhali hapa achaguaye ni mwenye kifaa, na kwamba hiari lingefaa zaidi. Nimelipima neno hilo nikaliacha, kwa sababu hiari humwahidi mnunuzi uhuru bila ya kumwonya juu ya kungoja.

Zamu hiyo ina gharama ambazo hazionekani dukani. Hifadhi ya ndani hugawanywa kiwandani, na katika zile GB 64 za vifaa kama Chuwi Hi10 fungu kubwa huwa la Windows, Android ikabakiwa na kiasi kidogo, wala mafaili ya upande mmoja hayapatikani hivi hivi upande wa pili mpaka yawekwe katika kadi ya kumbukumbu. La ajabu zaidi ni saa. Windows huiandikia saa ya ndani ya kifaa wakati wa mahali alipo mtumiaji, na Android huisoma saa hiyo hiyo kama kwamba ni wakati wa UTC, yaani wakati sanifu wa dunia, kisha huuongezea tofauti ya mahali. Afrika Mashariki tofauti hiyo ni saa 3, basi mtu aliyeifunga Windows adhuhuri, saa sita kamili, akaiwasha Android pasipo intaneti, huweza kuambiwa kwamba ni saa tisa na alasiri inakaribia. Kifaa si kibovu, wala betri haikufa kama adhaniavyo mwenyewe. Ni zamu iliyobadilishwa bila ya makabidhiano.

Imekuwaje basi vitu vyenye mambo haya vikauzwa rahisi hivyo? Mwaka 2014 Intel, iliyokuwa imeachwa nyuma katika soko la simu, ilijiwekea shabaha ya kutia chipu zake katika vishikwambi milioni 40 kwa mwaka huo mmoja, ikawafidia watengenezaji gharama. Na mwaka huo huo Microsoft ikaondoa ada ya Windows kwa vifaa vyenye kioo kilicho chini ya inchi 9. Makampuni makubwa hayakuifuata njia ya mifumo miwili kwa muda mrefu: Asus ilionyesha Transformer Book Duet huko Las Vegas Januari 2014, na haikufika madukani. Mwaka 2016 Intel ikaacha chipu zake za simu, na vishikwambi vikabaki yatima. Android ya vingi vyao ilikwamia toleo la 5.1, muda wa kawaida wa kuhudumiwa kwa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali chipu za Intel Atom za zama hizo.

Limebaki neno dock, jina la kibodi ya kupachika ya vishikwambi hivi. Ni neno la bandarini, na hapa Kiswahili cha pwani hakina sababu ya kukopa, maana gati tunalo: chombo hutia gati, kikashusha na kupakia, kisha kikaondoka. Kishikwambi hushuka katika mfereji wenye sumaku, vipini vidogo vya madini vikagusana, na umeme na herufi vikapita humo bila ya Bluetooth wala kuchaji kibodi peke yake. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote katika vifaa hivi, kwa kuwa kitu kilichokuwa cha kutazamia tu hugeuka kuwa cha kuandikia. Walakini vipini vikiingia vumbi kibodi hufa katikati ya neno, na dawa yake ni kitambaa kikavu. Na maadamu betri na chipu zote zimo nyuma ya kioo, kifaa kikipakatwa magotini huelemea nyuma. Fauka ya hayo vibonye ni finyu, na kibonye cha ritifaa, tusichoweza kuandika ng'ambo wala ng'ombe bila yake, kimebanwa ubavuni mwa Enter, kidole kikikosea kidogo ng hubaki mwisho wa mstari na ombe ikaanza mstari wa pili.

Istilahi hukaa vinywani pale watu wanapokishika kitu chenyewe. Kishikwambi lilivuma Tanzania katika Sensa ya 2022, makarani walipozunguka navyo nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nawasihi wauzaji waandike juu ya boksi uwakaji wa zamu, pamoja na kiasi cha hifadhi cha kila mfumo, na gati la kibodi ikiwa limo. Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa fedha zako, taka kiwashwe mbele yako mara mbili, kila mfumo kwa zamu yake, kisha kitie gati uandike ng'ombe.