Madhabahu Zilizolazwa Aradi

Mahujaji wetu wakienda Nchi Takatifu huonyeshwa Yerusalemu, Bethlehemu na Galilaya, wakachota maji ya Yordani, wakarudi. Aradi hawafiki. Jambo hili huniuma. Hapo penye nyika kavu ya Negebu, magharibi ya Bahari ya Chumvi, ndipo mwanaakiolojia Yohanan Aharoni alipochimba kati ya 1962 na 1967 akakuta hekalu la watu wa Yuda ndani ya ngome yao.

Habari za Wakanaani waliotangulia, na mfalme wa Aradi anayetajwa katika Hesabu 21, tuziache. Mimi naganda uani. Kuna madhabahu ya mawe yasiyochongwa, yaliyoshikizwa kwa udongo, kama Kutoka 20 inavyoagiza. Kila upande ni kama mita 2.5, yaani dhiraa tano za Kutoka 27. Wapo wanaoliita hekalu hili la kipagani, siwaelewi. Vigae vilivyookotwa humo vina majina Pashuri na Meremothi, na majina hayo Ezra anayataja katika koo za makuhani.

Ndani, kwenye kizingiti cha patakatifu, zilikuwepo madhabahu mbili ndogo za kufukizia. Zilikutwa zimelazwa ubavu na kufunikwa udongo. Aharoni alidai kwamba madhabahu ya uani iliondolewa na Mfalme Hezekia, na hekalu likafungwa na Mfalme Yosia. Mwanaakiolojia David Ussishkin alilisogeza hekalu lote hadi karne ya 7 KK. Ze'ev Herzog, aliyepitia upya matokeo ya uchimbaji, asema vyote vilizikwa kwa mara moja, mwishoni mwa karne ya 8. Mimi namfuata Herzog. Mwenye chuki huvunja na kuchoma. Aliyezizika madhabahu hizi alilaza, akafukia, kama mtu anayezika maiti ya ndugu.

Mwaka 2020 mabaki yaliyogandia juu ya madhabahu hizo mbili za kufukizia yalipimwa. Iliyo ndogo zaidi ilikuwa na bangi, na hiyo ndiyo iliyovuma kila mahali. Iliyo kubwa zaidi ilikuwa na ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama, na huo ubani ndio unaonigusa, kwa kuwa ulisafirishwa kutoka Arabuni ya kusini ili Mungu aabudiwe kwenye ngome ya mpakani.

Mimbarani tunasema dhabihu za kale zilikoma, tukapita upesi. Fikiria mchungaji wa Negebu aliyezoea kuleta mbuzi wake hapa, akamwekea mkono kichwani kama Walawi 4 isemavyo, damu ikamwagwa chini ya madhabahu, akaenda zake amesamehewa. Siku madhabahu ilipofukiwa, upatanisho ulihamia Yerusalemu, mwendo wa kilomita kama 60. Kisha Yerusalemu nako hekalu likateketea mwaka 586 KK, na lingine mwaka 70 BK. Waraka kwa Waebrania unazungumza na watu wanaoijua harufu ya mafuta yale na wanaojua uchungu wa kufungiwa mlango. Unapowaonyesha Kristo aliyeteswa nje ya lango, mara moja tu, unawapa madhabahu ambayo hakuna mfalme wa kuifukia.

Ngome ilijengwa na kubomolewa mara nyingi baadaye. Waajemi na Warumi nao walipita. Leo ni hifadhi ya taifa, na patakatifu panapoonekana pale ni mfano tu. Mawe halisi yamechukuliwa, yako jumba la makumbusho Yerusalemu.