Upinde wa Mti na Mshale Wake: Pinde za Wawindaji wa Eyasi na Tsavo

Upinde uliochongwa kwa mkono kutoka katika mti mmoja hauhisiki mkononi kama upinde wa kiwandani uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo, gundi na metali, na tofauti hiyo, ambayo mara nyingi huelezwa kuwa ni suala la mazoea au mapenzi ya mtu tu, ina sababu zake ndani ya mti wenyewe na katika kazi ambayo upinde ulichongewa. Upinde ni chombo cha kutunza nguvu kwa kitambo kifupi: misuli ya mpigaji huuvuta polepole, mti uliopindwa huihifadhi nguvu hiyo, kisha huirudisha kwa ghafla pindi vidole vinapouachia upote, yaani kamba ya upinde. Lakini si nguvu yote inayouendea mshale. Sehemu yake humezwa na mti kwa msuguano wa nyuzi zake za ndani, na sehemu nyingine hubaki katika upote na katika mabawa ya upinde, yaani zile pande mbili zinazopinda juu na chini ya mshiko, na hiyo ya pili ndiyo inayoufikia mkono kama mtikisiko mara mshale unapoondoka. Namna nguvu hiyo inavyogawanyika ndiyo inayoupa kila upinde tabia yake, na katika Afrika Mashariki jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa jamii mbili za wawindaji: Wahadza wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, na Waata wa nyika iliyo kati ya Mto Tana na Tsavo, nchini Kenya.

Wahadza wameandikwa sana na wataalamu, kuanzia James Woodburn, aliyeanza utafiti wake miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1950, hadi Frank Marlowe, ambaye kitabu chake kuhusu jamii hiyo kilitoka mwaka 2010, na wote wanaafikiana kwamba mwanamume wa Kihadza ni nadra kutoka kambini bila upinde wake. Upinde huo ni mti mmoja usiounganishwa na kitu kingine, urefu wake hukaribia kimo cha mwenyewe, na uzito wa mvuto, yaani nguvu inayotakiwa ili kuuvuta mpaka mwisho, ulikuwa karibu kilo 30 kwa wastani katika pinde zilizopimwa na watafiti. Mwindaji huchonga upinde wake mwenyewe, huunyoosha kwa joto la moto, huupaka mafuta ya mnyama, na huufunga upote wa kano za wanyama wakubwa.

Uchongaji wa namna hii hauna kipimo cha kuandikwa, kwa sababu hakuna vijiti viwili vinavyofanana. Mgongo wa upinde, upande unaoelekea kwa mnyama, hunyooshwa kila unapovutwa, ilhali tumbo lake, upande unaomwelekea mpigaji, hubanwa, na mti wowote huvumilia kunyooshwa kuliko kubanwa. Fundi akikata nyuzi za mgongo kwa pupa, upinde hupasuka. Akiacha sehemu moja nene kupita nyingine, mkunjo wote hukusanyika mahali palipo pembamba na nyuzi za tumbo husagika hapo. Ndiyo maana huparuza kidogo, hupinda, hutazama, kisha huparuza tena, huku akifuata fundo na mshazari wa mti badala ya kuulazimisha. Hata ukichongwa kwa ustadi, upinde wa mti hupata kile mafundi wa pinde duniani kote wanachokijua: baada ya kuvutwa mara nyingi haurudi kunyooka kabisa bali hubaki na mpindo mdogo hata ukifunguliwa upote, kwa kuwa nyuzi za tumbo zimekwisha kubanwa kwa kudumu. Mpindo huo hupunguza nguvu ya mwanzo wa mvuto, na mpigaji huuhisi kama ulaini wa kwanza kabla uzito haujaingia.

Kuna sifa nyingine ya mti isiyopatikana kwa kiasi kilekile katika nyuzi za kioo. Upinde wa mti ukishikiliwa umevutwa, nguvu yake huanza kupungua taratibu, kwani nyuzi hulegea chini ya mzigo, na upinde huohuo huwa mkali asubuhi ya kiangazi kuliko siku ya mvua, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya mti huulainisha. Mwindaji aliyelelewa na chombo kama hiki hajifunzi kusimama na kulenga kwa muda mrefu. Huvuta na kuachia kama tendo moja. Mbinu hiyo imewahi kudhaniwa kuwa ni pupa ya mtu asiyefundishwa, ilhali ni utii kwa mti, na ni utii wenye akili.

Upinde wa Waata ulikuwa mzito zaidi. Waata, ambao majirani zao wamewaita pia Walangulo au Wasanye, na ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo, walijulikana kwa kuwinda tembo kwa mshale wa sumu. Sumu yenyewe ilichemshwa kutokana na msunguti, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, na mafundi wake mashuhuri walikuwa Wagiriama. Nguvu yake hutokana na kemikali iitwayo ouabaini, inayousimamisha moyo, na ambayo mwanakemia Mfaransa Arnaud aliitenga kutoka katika miti ya jamii hiyo mwaka 1888. Lakini sumu haina faida juu ya ngozi. Ili ifanye kazi ilipasa ivuke ngozi nene ya tembo na kufika penye damu, na sharti hilo moja ndilo lililoamua umbo la upinde, uzito wa mshale na umbali wa kusimama. Mwindaji alisogea karibu sana, akapiga ubavuni au tumboni, kwa upinde ambao uzito wake wa mvuto uliweza kupita ratili 100, sawa na kilo 45 na zaidi.

Mshale wa Waata unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana ndani yake mna jibu la swali zima la mtikisiko. Haukuwa kijiti chepesi. Wano, yaani mti wa mshale, ulikuwa mrefu na mnene. Mbele yake palichomekwa kipande kingine kilichobeba kigumba cha chuma. Nyuma ya kigumba sumu ilipakwa nzito na nyeusi, kisha ikavingirishwa ngozi nyembamba ili isikauke wala kufutika njiani, na ngozi hiyo ikaondolewa mawindo yalipokaribia. Manyoya ya nyuma yalikuwa ya ndege wakubwa kama tai mzoga. Mshale mzito kama huu huondoka polepole kuliko mwepesi, lakini kwa kuwa unauzuia upote kwa muda mrefu zaidi, huchukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu iliyohifadhiwa na kuyaachia mabawa sehemu ndogo. Matokeo yake ni mambo mawili kwa pamoja: mshale unaozama ndani, na upinde unaotulia mkononi. Upinde uleule ukiwekewa mshale mwepesi, mabawa hufika mwisho wa safari yao yakiwa bado na nguvu nyingi isiyo na pa kwenda, na nguvu hiyo hurudi katika mshiko na kumpiga mpigaji kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Upote wa kano, ambao hunyumbuka kidogo, hupunguza ukali wa pigo hilo, na ndiyo sababu pinde za mti zikifungwa nyuzi za kisasa zisizonyumbuka huwa kali zaidi na wakati mwingine huvunjika nchani.

Pengine sehemu kubwa ya sifa mbaya ambayo pinde za mti zimepewa, kwamba zinatikisa na kuchosha, imetokana na kuzitenga na mishale yake. Ushahidi wa hilo haupo Afrika tu. Meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, na ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982 pinde ndefu zaidi ya 130 na mishale inayopita 3,500 zilikuwa zimekwisha kupatikana katika mabaki yake. Pinde hizo zilichongwa kutoka katika mti wa Ulaya uitwao kitaalamu Taxus baccata, ambao tabaka lake jeupe la nje huvumilia kunyooshwa na kiini chake chekundu huvumilia kubanwa, hivyo fundi aliyaacha yote mawili katika ubao mmoja, jeupe mgongoni na jekundu tumboni. Kabla ya ugunduzi huo waandishi wengi hawakuamini kwamba watu wa kawaida waliwahi kuvuta ratili 100. Vipimo na nakala zilizochongwa baadaye vimeonyesha kwamba nyingi zilipita hapo, baadhi kwa mbali, na mifupa ya bega ya baadhi ya mabaharia wa meli hiyo ina dalili ambazo wachunguzi wamezihusisha na kuvuta pinde nzito tangu ujana. Wawindaji wa Tsavo walikuwa wakifanya jambo lilelile katika karne ya 20, bila ya mtu kuhitaji kuzamia baharini ili kulithibitisha.

Karne hiyohiyo ndiyo iliyoubadilisha upinde kwingineko. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, mwanafizikia Clarence Hickman alipima mwendo wa pinde na kuonyesha kwamba bawa pana na bapa husambaza mkazo vizuri kuliko bawa nene la mviringo, na picha za kasi alizopiga zilionyesha jinsi mshale unavyojipinda na kuuzunguka mshiko unapoondoka. Jambo hilo la mwisho linauhusu mno upinde wa mkono, ambao hauna tundu la katikati la kupitishia mshale: mshale hukaa ubavuni mwa mshiko ukiwa umeelekea kando, na usipokuwa na ugumu unaolingana na upinde, huenda upande hata kama mlengaji hakukosea. Mhadza anapoupasha wano moto na kuunyoosha kwa meno, akiuzungusha mbele ya jicho na kuung'ata tena palipopinda, anatafuta ulinganifu huohuo. Baada ya Hickman zilikuja nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1960 Holless Wilbur Allen akabuni upinde wa magurudumu, ambao humpunguzia mpigaji mzigo anapofika mwisho wa mvuto, kiasi kwamba hushikilia sehemu ndogo tu ya uzito kamili. Katika upinde wa mti mambo ni kinyume chake: uzito wote huwa mkononi pale pale mwisho, na mwili mzima hujua kwamba wakati wa kuachia umefika.

Kwa Waata mabadiliko hayakuja kwa njia ya ufundi bali kwa njia ya sheria. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi waliyokuwa wakiwinda, na katika kampeni ya 1956 na 1957 dhidi ya ujangili, iliyowahusisha maofisa kama David Sheldrick na Bill Woodley, wawindaji wengi walikamatwa na kufungwa. Mpango wa Galana wa mwaka 1960 ulikusudiwa kuwapa baadhi yao nafasi ya kuishi kwa uwindaji halali, lakini haukurudisha uhuru wa zamani, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Tembo walihitaji kulindwa. Hilo halipunguzi uzito wa ukweli kwamba kizazi kimoja kilitosha kuwatenga wana na pinde za baba zao, kwa maana upinde wa ratili 100 hauvutiki na mtu aliyeanza kujaribu akiwa mtu mzima.

Upinde wa zamani uliokaa miaka mingi bila kuvutwa haufai kuvutwa tena mpaka mwisho, kwa kuwa mti uliokauka kupita kiasi hupasuka, hivyo zana za Waata zilizohifadhiwa zinaweza kupimwa urefu na unene lakini haziwezi kusema zilikuwaje mkononi. Huko Eyasi nafasi bado ipo, kwani wapo Wahadza wanaochonga na kupiga, na mtafiti atakayefika huko na mizani ya kupimia mvuto hana budi kupima pia uzito wa mishale iliyomo katika mkono wa mwindaji yuleyule, kwa upinde uleule na msimu uleule.