Fomu Kongwe Kuliko Simu

Sikukuu ya Mashujaa ya Kenya ya 2023 iliadhimishwa Kericho, na ajenda kuu ilikuwa afya kwa wote. Mwezi mmoja kabla, Rais Ruto alikuwa amezindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu. Mhamasishaji anayepanda vilima vya Bureti au Konoin leo kutembelea nyumba za wachuma chai hujaza fomu kwenye skrini. Fomu hiyo ina ukoo mrefu kuliko simu yenyewe.

Mfumo wa wahamasishaji hao, eCHIS, huandika fomu kwa XForms, lahaja ya XML iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2003. Walioibuni waliwaza kompyuta, si simu. Simu za Java za enzi hiyo, Nokia na wenzake, zilikuwa na kumbukumbu finyu, na kichanganuzi, yaani programu ya kusoma XML, kinachopakia hati nzima kwa mkupuo kingezilemea. Isitoshe, katika Java ya simu kichanganuzi cha XML kilikuwa cha hiari: simu hii inacho, ile haina. Dawa ikawa kXML ya Stefan Haustein, kichanganuzi kidogo kinachosoma kipande kwa kipande, tena kinachofungashwa ndani ya programu yenyewe, kama mgeni anayekuja na kikombe chake. Maktaba ya JavaRosa, inayoendesha fomu za XForms kwenye simu, ikajengwa juu yake.

Uamuzi huo wa kifukara, kwa maoni yangu, ulizaa matunda kuliko mikakati mingi ya kifahari. Android ilipoingia 2008 na Chuo Kikuu cha Washington kikaanza kuunda ODK, zana za kukusanya data kwa simu, JavaRosa ilihamia humo. Android yenyewe ilikuwa imebeba kXML. AMPATH, mpango wa afya wa Eldoret, ikawa miongoni mwa waliotangulia kutumia ODK nyumba kwa nyumba.

eCHIS ilipita njia nyingine: fomu hugeuzwa ukurasa wa kivinjari na programu ya Enketo. Shida ya zamani, ya kifaa kukosa kinachohitajika, ikarudi kwa sura mpya. Masharti ya fomu huandikwa kwa XPath, lugha ya kuchagua na kukokotoa data ya XML, na vivinjari huelewa XPath ya kawaida tu, si nyongeza za ODK kama once(). Internet Explorer haikuwahi hata kuwa na document.evaluate, amri ya kivinjari ya kukokotoa XPath. Waundaji wakafungasha kikokotoo chao wenyewe. Majibu yakishajazwa hugeuzwa kuwa JSON, muundo mwepesi wa data, yakakaa simuni hadi mtandao upatikane.