Chemirocha: Wimbo wa Kapkatet uliozunguka dunia

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeweka makao Afrika Kusini, alifika Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, na mitambo yake ya kunasa sauti. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, kinubi kikivuma chini ya sauti zao.

Chemirocha ni jina walilomwita Jimmie Rodgers, mwimbaji na mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyeanza kurekodi na kampuni ya Victor mwaka 1927, kisha akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Wasichana hao walimjua kwa santuri tu. Gramafoni iliingia Kericho katika enzi ya utawala wa Waingereza na wamisionari, enzi ileile kampuni za Brooke Bond na Finlay zilipopanda chai kwenye ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Biashara ya sauti na biashara ya majani zilipita njia moja.

Lakini sikiliza rekodi hiyo. Gitaa la Mississippi halimo. Mwendo ni wa Kipsigis, na nyota wa Marekani anaitwa aje kucheza. Watoto wa Kapkatet hawakumeza walicholetewa. Walimtwaa mgeni wakamtia katika ngoma yao. Hapo ndipo ufundi wao ulipo, na sijaona ukisifiwa vya kutosha.

Mashine, hata hivyo, haikuwa yao. Sauti zao ziliuzwa kwenye santuri za ng'ambo na kuhifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Dunia ikaujua wimbo kwa maelezo ya Tracey, kwamba Chemirocha alidhaniwa kuwa nusu mtu, nusu paa. Walioimba hawakupewa kalamu. Anayemiliki mtambo humiliki pia hadithi, na hilo halijabadilika tangu santuri hadi simu.

Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya maktaba hiyo na shirika la Ketebul Music la Nairobi, chini ya Tabu Osusa, kurudisha nakala za rekodi hizo Kapkatet.

Serikali za kaunti za Kericho na Bomet ziweke rekodi hizi katika maktaba na shule zao. Nawe msomaji wa Litein au Sotik, kama nyanya au babu yako anazikumbuka nyimbo za wakati ule, mrekodi wiki hii, na uandike jina lake.