Vulvodinia, au maumivu sugu ya uke wa nje

Vulvodinia ni jina la kitabibu lililounganishwa kutokana na vulva la Kilatini, yaani sehemu za siri za nje za mwanamke, na neno la Kigiriki lenye maana ya maumivu. Tangu makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2015, hutumika kwa maumivu ya sehemu hizo yaliyodumu angalau miezi 3 bila chanzo kinachojulikana. Daktari hakuti kidonda, fangasi wala ugonjwa wa zinaa, na bado mwanamke anaumia. Huenda akaumia pale tu anapoguswa, wakati wa tendo la ndoa au akikaa muda mrefu. Huenda maumivu yakaja yenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliofanywa jimboni Massachusetts, ulionyesha kuwa takribani asilimia 16 ya wanawake waliohojiwa waliwahi kuyapata kwa miezi 3 au zaidi.

Tatizo letu la lugha linaanzia kwenye kitenzi. Wengi husema "nawashwa". Lakini pilipili inawasha, upele nao unawasha, na mhudumu aliyezoea fangasi husikia upele. Anaandika dawa ya fangasi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kupima. Mwenye vulvodinia kwa kawaida huungua, huchomwa au huhisi kama amechubuliwa. Tofauti hiyo inastahili kutamkwa waziwazi, hata kama aibu inatuzuia.

Neno "uke" nalo hubeba njia ya ndani na sehemu ya nje kwa pamoja, na "sehemu za siri" ni za stara lakini hazisemi ni wapi. Kwa hiyo napendekeza "maumivu sugu ya uke wa nje". Yanapokuwa mlangoni mwa uke tu, tuseme hivyo hivyo. Tusiingize neno lolote la uvimbe au maambukizi. Wataalamu wenyewe walijifunza hilo: mwaka 1987 hali ya maumivu ya mlango wa uke ilipewa jina lililodai kuwa tishu zimevimba, kisha jina hilo likaachwa kwa sababu uvimbe huo haukuthibitika kuwa ndio chanzo. Jina la vulvodinia libaki kwenye cheti cha daktari. Wala tusilichanganye na vajinismasi, ambayo ni misuli ya uke kukaza yenyewe, ingawa mwanamke mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Tiba zipo, japo huenda polepole. Kwanza ni kuacha kinachokera ngozi: sabuni zenye manukato, kujisafisha kwa ndani, na shabu inayotumiwa kubana uke. Lidokaini ya kupaka hutia ganzi eneo linalouma. Mtaalamu wa fiziotherapia hufundisha kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, maana misuli hiyo hukaza ikijihami, na kukaza huko huongeza maumivu. Amitriptilini kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu. Dawa hii ilianza kama dawa ya sonona, na mgonjwa asipoelezwa hudhani daktari ameona kwamba anaumwa akili tu. Aelezwe. Ushauri nasaha husaidia pia, hasa pale ndoa imeingia baridi kwa maumivu yasiyosemwa. Kwa wachache wenye maumivu ya mlangoni tu, na baada ya njia nyingine kushindwa, kuna upasuaji.

Dada unayesoma haya ukijitambua, mwambie daktari mahali hasa panapouma, yalianza lini na yanachochewa na nini. Omba apaguse taratibu kwa kijiti cha pamba, sehemu moja baada ya nyingine, kabla hajaandika dawa nyingine ya fangasi.