Upepo wa Boulder: Siku Moja Iliyogeuka Mtihani

Tarehe 11 Januari 1972 upepo mkali uliporomoka kutoka Milima ya Rocky na kuupiga mji wa Boulder, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Dhoruba za aina hiyo hazikuwa ngeni mjini humo. Jambo jipya lilikuwa kwamba siku hiyo ndege mbili za utafiti ziliruka juu ya milima zikipima upepo na joto. Kutokana na vipimo hivyo wataalamu walichora jinsi hewa ilivyopanda mlima, ikateremka kwa kasi upande wa pili, kisha ikarushwa juu ghafla. Makala haya yanahusu maisha ya mchoro huo, maana umekuwa mtihani wa modeli nyingi za kompyuta zilizofuata. (Neno modeli tumeliacha lilivyo, kwa wanafunzi wetu kielelezo ni mfano wa ubaoni.)

Swali lilikuwa hili: kwa nini hewa ishuke kwa nguvu kubwa kuliko iliyopandia? Mwaka 1975 Klemp na Lilly walieleza kwamba mawimbi ya hewa yanayozuka juu ya mlima hurudishwa chini, kwa sehemu, na matabaka ya juu, hivyo yakaongezana nguvu. Peltier na Clark, mwaka 1979, waliona vingine. Katika kompyuta yao wimbi lilikua hadi likavunjika huko juu, kama livunjikavyo wimbi la bahari, na msukosuko ule ukawa dari ya kuibana hewa chini. Durran naye, mwaka 1986, alirudia mfano wa maji yanayovuka ukingo wa bwawa: huteremka mbio, kisha hufumka povu yakifika chini. Sisi tusio wanafizikia tunaupenda zaidi mfano huu, ingawa kupendeza kwake hakukumaliza ubishi. Wote hao waliirejea siku ileile ya 1972.

Mwaka 2000 Doyle na wenzake walizipa modeli 11 vipimo vilevile vya siku hiyo. Zote zilionyesha wimbi likivunjika karibu mahali pamoja. Hata hivyo, umbo la msukosuko lilitofautiana, na mabadiliko madogo ya upepo na uthabiti wa hewa juu ya kilomita 10 yaliyageuza matokeo kwa kiasi kikubwa. Tena modeli hizo zilikuwa za pande mbili tu, kama mlima uliokatwa kwa kisu.

Watu hawaishi ndani ya mlima wa namna hiyo. Tarehe 30 Desemba 2021 upepo wa mteremkoni ulisukuma moto katika nyasi kavu karibu na Boulder. Zaidi ya nyumba 1,000 ziliteketea, nyingi katika miji ya Superior na Louisville, na watu wawili walikufa. Onyo la upepo mkali lilikuwa limetolewa. Kilicho kigumu ni kujua mapema mahali hewa itakaporuka juu, kwani upande mmoja wa mpaka huo ni dhoruba na upande wa pili ni karibu shwari, na mpaka ukisogea kilomita chache tu, mtaa mwingine ndio unaopigwa.